Robine Niliyoifukuza

Mgombea ubunge alikuja mtaani kwetu na magari matatu, fanfari ya matarumbeta, na robine, yaani bomba la maji. Robine yenyewe ilikuwa bado mdomoni mwake. Alionyesha kwa kidole mahali itakaposimama, juu ya mawe meusi ya volkano karibu na mlango wetu, na akina mama wote wakageuka kupaangalia kana kwamba maji yameanza kutoka.

Aliyepaangalia zaidi ni mama yangu. Magoti yalikuwa yanamsumbua kwa kupanda kutoka ziwani kila asubuhi na bidoni ya maji ya lita ishirini mgongoni.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo kikuu, diploma yangu ya sayansi ya siasa haijapata hata mkunjo. Nikanyoosha mkono. Nikauliza: kazi ya mbunge si kupiga kura za sheria na kuikagua serikali? Hela za robine atazitoa wapi?

Akapangusa jasho, akasema kwa upole kwamba kama mtaa huu haupendi maji, mtaa wa jirani unayapenda. Fanfari ikahamia kule.

Alichaguliwa. Robine haikufika kwetu, wala kwa jirani, wala popote ninapopajua. Lakini hakuna anayesema alidanganya. Wanasema mimi ndiye niliyeifukuza. Mshona viatu wa pale kwenye kona hunisalimu mimi msomi hivi hadi leo, kwa Kifaransa cha dhihaka: "Bonjour, intellectuel. Maji inakuya?" Sijui kama kuna mtu mwingine Goma aliyehukumiwa kwa kubomoa kitu ambacho hakijajengwa.

Mama alininunia wiki nzima. Mwishowe nikamwambia, huku akitwanga sombe, majani ya muhogo, kwamba yule bwana asingeleta kitu hata ningefunga mdomo.

Akaacha kutwanga.

"Na mimi nilijua hataleta, mutoto yangu. Lakini alikuya kuomba. Mutu akikuomba, na wewe umuombe kitu chenye macho inaona. Siku hajaleta, kila mutu anajua hajaleta. Wewe ulitaka tumuombe sheria. Sheria nitaichota na bidoni gani?"

Miaka mitano ya masomo, na hakuna profesa aliyenieleza hivyo. Nilitaka kubisha. Akaendelea kutwanga.

Tangu siku hiyo mimi ndiye ninayeteremka ziwani. Mama hupokea maji mlangoni, huyatazama, husema robo nimemwaga njiani. Simwahidi kwamba kesho nitaleta zaidi.