Vinundu vya Ng'ombe wa Mama Kabula

Mwanangu, kuna asubuhi moja ya masika ambayo nikiikumbuka naona haya mpaka leo. Nilikuwa kijana, nimetoka chuo cha mifugo juzijuzi, nikafungua duka la dawa za mifugo pale Buhongwa. Ilikuwa miaka ile ya soko huria. Josho la serikali la kuogeshea ng'ombe lilikuwa limekauka, dawa zikawa zinauzwa na watu binafsi kama mimi, na wafugaji wakaniita daktari. Sikufichi, jina hilo lilinilevya.

Asubuhi hiyo alikuja Mama Kabula, mjane aliyekuwa na ng'ombe mmoja tu wa maziwa. Alisema ng'ombe ametoka vinundu mwilini na hataki kula vizuri, akaniomba niende nikamwone, si mbali. Wateja walikuwa wengi. Nikamwambia, bila hata kuinuka kitini, kwamba hao ni kupe, nikampa dawa ya kuogeshea. Akashukuru, akaondoka.

Siku ya nne akarudi kusema ng'ombe hawezi kumeza. Ndipo nikafunga duka. Nilimkuta ng'ombe amelala zizini, mate yanamtoka, vinundu vigumu vimemjaa kuanzia shingoni hadi kwenye kiwele. Ulikuwa ugonjwa wa mapele ngozi, ambao darasani niliusoma na mtihani nikafaulu. Alikufa mchana uleule.

Jirani wa Mama Kabula, Mzee Lusato, mkaguzi mstaafu wa machinjio, alinisaidia kumpasua ng'ombe tuone kilichomuua. Hakunifokea. Alichana koo, akanishika mkono na kuuingiza kwenye bomba la hewa. Vinundu vilevile vya ngozini vilikuwa mle ndani, vingine vimeoza katikati.

"Ulitibu maneno ya Mama Kabula," alisema taratibu. "Ng'ombe mwenyewe hukumgusa."

Nilimwomba mama yule msamaha. Akaniuliza, "Ungekuja siku ile, angepona?"

Nilijibu kwamba sijui. Ugonjwa ule hauna dawa ya kuuondoa, ila ningetibu vidonda, ningemtenga, na ng'ombe wa jirani wangechanjwa mapema.

"Basi kawaambie majirani," akasema.

Nilikwenda nyumba kwa nyumba, nikieleza ugonjwa na kosa langu. Wapo waliocheka, wapo waliokasirika. Ng'ombe wawili walikwisha kuugua. Walipona, ngozi zikabaki na makovu. Wengine wakachanjwa, wakanusurika. Mama Kabula hakununua tena dawa kwangu. Tulisalimiana vizuri njiani, lakini dawa alifuata mjini. Sikuwahi kumlaumu.

Nawe unayeanza kazi hii, usikubali kumtibu mnyama kwa kusimuliwa. Inuka ukamwone. Mpapase ngozi yote, mfungue mdomo, uliza kama anakula na kumeza, maana kinachoonekana juu mara nyingi kimeshafika ndani. Usipojua, sema hujui. Na siku utakayokosea, kwa sababu utakosea, wape habari walio hatarini kabla hujaanza kutafuta maneno ya kujitetea. Utaona aibu, ndiyo, lakini zizi la mtu mwingine litapona.

Mungu akujalie mikono yenye subira na masikio ya kumsikiliza mwenye mfugo mmoja sawasawa na mwenye mia. Kila zizi utakaloingia, uliache na uhai. Nenda salama, mwanangu.