Masikio Niliyoyafupisha

Ashukuriwe Mungu Baba, aliyeilinda mikono yangu isikatwe na tezo miaka yote niliyochonga. Kwa neema yake nasimulia jambo ambalo hata leo likinijia hunikausha mate.

Miaka ya sabini nilikuwa mzee wa kanisa huko Huruma, na riziki yangu niliipata soko la Gikomba, kwa kuchonga vinyago. Siku moja alinijia mwalimu wa hisabati kutoka Sri Lanka, ana picha ya Budha aliyeketi, miguu ameikunja, mkono mmoja ukigusa chini. Mama yake alikuwa amefariki kwao, naye hakuweza kusafiri kumzika. Alitaka sanamu ndogo ya mti wa mhugu kwa siku ya kumkumbuka, Jumapili ya wiki iliyofuata.

"Mzee wa kanisa," mwenzangu aliyeketi kando akanichokoza, "Jumapili unatuhubiria, Jumatatu unatuchongea miungu?"

"Hata twiga nachonga, na sijawahi kumpigia magoti."

Wachongaji wakacheka. Lakini masikio ya ile picha yalinisumbua. Ndewe, zile ncha laini za chini, zilining'inia karibu zifike mabegani. Kwetu, masikio ya namna hiyo yalikuwa ya wazee wa zamani, waliotoboa na kutanua. Baba yangu alipobatizwa, zake zilishonwa misheni, na lile kovu aliwaonyesha watu kwa furaha: ushuhuda kwamba ameyaacha ya kale. Basi nikaona huyu mtu mpole wa pichani, aliyeinamisha macho kama anayeomba, nisimwaibishe. Nikamchonga masikio mafupi, nadhifu, kama ya muumini. Nikapiga msasa, moyo umeridhika kabisa.

Mwalimu alikuja Ijumaa asubuhi. Akaishika sanamu kwa mikono miwili, akaigeuza upande. Machozi yakamtoka.

"Mzee, masikio yake yako wapi?"

"Nimemsitiri, mwalimu. Nimemfanyia ya heshima."

"Heshima yake ndiyo hiyo uliyoikata."

Akaketi juu ya gogo, akanieleza. Budha alizaliwa mwana wa mfalme, akavaa hereni za dhahabu nzito zilizovuta masikio. Siku alipouacha utajiri, alizivua. Ndewe zikabaki ndefu na tupu, ili kila amtazamaye ajue alichokiacha. Na ule mkono unaogusa chini, akasema, unaiita ardhi imshuhudie.

"Mama ndiye aliyenifundisha haya, nimeketi mapajani mwake."

Tezo iliniponyoka. Baba yangu alishonwa masikio ili ionekane ameacha. Huyu Budha aliachiwa yake wazi kwa sababu ileile. Nami, niliyelelewa na Maandiko, nilikuwa nimeufuta ushuhuda wa mtu nikidhani namtendea hisani. Na mti ukishakatwa haurudishiwi nyama.

Nikachukua gogo jingine papo hapo. Yule mtani wangu akamwacha twiga wake, akaanza kuchonga miguu. Masikio sikumwachia mtu. Nilizishusha zile ndewe polepole, unywele kwa unywele.

Jumamosi alasiri mwalimu akarudi. Akagusa sikio la kulia kwa kidole, kisha la kushoto.

"Sasa mama atamtambua," akasema.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe amani nyumbani mwako, awafariji wafiwa wako, na akusamehe uliyoyatenda bila kujua, kama alivyonisamehe mimi.