Magunia Sita ya Maranda

Mtaani walimwita Fundi Randa, maana akiwa kazini hukusikia kitu kingine ila randa yake ikitembea juu ya ubao. Alikuwa seremala wa milango na makabati, mtu wa maneno ya kuhesabika. Karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na uani palikuwa na bustani ya mkewe: matuta manne ya mchicha, moja la nyanya, na kamba ya kuanikia nguo iliyokatiza katikati. Bustani hiyo haikumhusu. Kazi yake ilikuwa kula tu.

Basi siku moja mkewe aliteleza jikoni kwenye sakafu iliyolowa, akavunjika mguu. Hospitali wakamfunga plasta toka wayo hadi pajani, wakamwambia alale wiki nane. Kitanda chake kilikuwa chini ya dirisha la uani, lakini kwa kuwa alilala chali, aliona mawingu tu na mikono ya mashati yaliyoanikwa.

"Mwagilia asubuhi na jioni," alimwagiza mumewe. "Maji tu. Usiongeze la kwako."

Fundi Randa aliitikia. Alimwagilia siku tatu, ya nne akaongeza la kwake.

Hakuwa mbishi. Alitaka mkewe akiinuka aikute bustani imependeza kuliko alivyoiacha. Na kule karakana alikuwa na maranda na unga wa mbao, vitu ambavyo kwa miaka thelathini alivichoma moto kila mwisho wa wiki. Akawaza: mti umetoka ardhini, ukirudi ardhini utakosa nini? Akachimbia maranda magunia sita kwenye matuta ya mchicha, akasawazisha udongo vizuri kama anayepiga msasa meza ya arusi.

Wiki ya pili mchicha ulianza kuwa njano. Majani ya chini yalitangulia, kisha ya katikati, na shina likadumaa. Fundi akazidisha maji. Wapi!

"Mchicha wangu unaendeleaje?" mkewe aliuliza kutoka kitandani.

"Unaendelea," alijibu, akijitia kutafuta kalamu yake ya kupimia, nayo ilikuwa sikioni.

Siri ilitobolewa na shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwalimu wa sayansi. Alikuja kumwosha dadake nywele, akatoka uani kuchuma mboga, akarudi na jani moja tu, njano kama karatasi ya zamani.

"Shemeji, umeupa nini huu mchicha?"

Fundi Randa aliona chumba kimekuwa kidogo. Akasema yote, magunia sita, bila kuinua uso. Halafu kitanda kikaanza kutikisika. Mkewe alikuwa anacheka, anacheka hadi anashikilia plasta kwa maumivu.

"Na nilimwambia maji tu!"

"Nisamehe, mama watoto. Nimekuulia bustani."

"Hujaiua," shemeji akasema. "Ina njaa. Udongo una vijidudu visivyoonekana kwa macho, ndivyo vinavyoozesha kila kitu. Umevipa mbao. Lakini ili viweze kula mbao vinahitaji nitrojeni, na mbao zenyewe hazina ya kutosha. Kwa hiyo vinachukua ile iliyomo kwenye udongo, mchicha unabaki mikono mitupu. Unanyonya majani yake ya chini ili ulishe machanga ya juu."

"Kwa hiyo niyatoe maranda?"

"Yaache. Tafuta samadi ya kuku iliyokaa, si mbichi, mbichi itaunguza mizizi. Vijidudu vikishiba, vikafa, nitrojeni viliyoichukua inarudi kwenye udongo."

Hapo ndipo jasho lilipomtoka. Kuku mtaani walikuwa kwa jirani mmoja tu, mama mjane wa nyumba ya pili, na mwaka huohuo Fundi Randa alikuwa amemfokea mbele ya watu kwamba banda lake linanuka. Alizunguka karakana kutwa nzima. Mwishowe akapiga moyo konde, akaenda, akabisha hodi akiwa amevua kofia.

"Leo harufu imekuvuta?" yule mama alimuuliza.

"Nilikukosea, dada. Nimekuja kuomba hiyohiyo niliyoisema vibaya."

Yule mama alimtazama, akaachia kicheko, akamshika mkono mpaka nyuma ya banda, kwenye lundo lililokauka likawa jeusi. "Chota mpaka uchoke. Ila niletee maranda ya kutandika bandani. Kuku wangu wanalala kwenye matope."

Basi ikawa hivyo. Maranda yalitoka karakana yakaenda bandani, yakarudi na samadi iliyokaa yakaingia kwenye matuta, na mabua ya mchicha yakarudi kwa kuku. Hata harufu ilipungua. Fundi Randa hakuwasha moto tena uani.

Mchicha haukupona kwa siku moja. Mingine ilikufa kabisa. Lakini wiki ya saba majani mapya yalitoka ya kijani kibichi, mapana kama kiganja, na mkewe alipofunguliwa plasta alitoka kwa magongo, akaketi ukingoni mwa tuta, akaingiza vidole udongoni. Ulikuwa mweusi, mwepesi, na nyungunyungu watatu wakajikunja wakikwepa mwanga.

"Sikuwahi kuwaona wengi namna hii," alisema.

Fundi Randa alitaka kumshukuru kwa kucheka siku ile yeye alipostahili kufokewa, na kwa miaka yote aliyokula bila kuuliza mboga imetoka wapi. Akachuchumaa kando yake.

"Nifundishe kupanda," alisema.

"Kalete jembe," mkewe akamjibu. "Na safari hii unisikilize."