Maji ya Magotini

Bahari sikuwa nimeiona hata siku moja, lakini mimi ndiye niliyemfundisha ndugu yangu mdogo kuisoma. Usicheke. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuwa kibarua wa mashua za tanga kwenye hoteli moja ya pwani, na tajiri wake akamwahidi kwamba akipita mtihani wa unahodha atapewa mashua aiendeshe mwenyewe. Akaja likizo kwetu Bulla Pesa, mjini Isiolo, ramani ya bahari ameifunga ndani ya kikoi. Mimi nilikuwa mwalimu wa hesabu shule ya msingi. Hesabu ni hesabu.

Tuliitandaza sakafuni, tukaweka mawe kwenye pembe, maana upepo wa Isiolo hauna adabu. Nikamsomea kitabu chake: kabla ya kung'oa nanga, safari yote ichorwe kwanza. Dira itaelekea wapi, maji yatakuwa yamejaa au yamekupwa, miamba iko upande gani, na mambo yakiharibika utakimbilia wapi.

Hapo pa kukimbilia ndipo alipokosea. Kila mara kalamu yake ilikwenda ufukweni, kwenye maji mafupi.

"Wewe! Hapo ni miamba, utapasua mashua!" nikamfokea.

"Dada, maji mafupi yamemuua nani?"

Nilicheka mpaka machozi, kwa sababu hata mimi ningechora hapo hapo. Sisi tumekua tukivusha mbuzi Ewaso Nyiro kule Merti. Mto ukijaa unatafuta pale maji yanapofika magotini, basi, umepona. Nani alijua kuna maji ambayo usalama wake uko kwenye kina?

Nilimrudisha na kumrudisha mpaka kalamu ikazoea kukaa mbali na nchi kavu. Akapita. Mama alichinja mbuzi, na mtaa mzima ukamtania, nahodha wa vumbi. Wallahi, alivyofurahi!

Dhoruba ilimkuta msimu wake wa kwanza, akiwa na baharia mmoja tu. Huyo alipona, akafunga safari mpaka kwetu kutupa pole, maskini. Alisema kule kwenye kina walikuwa salama, tanga wameshalipunguza, ilikuwa ni kungoja tu. Kisha wimbi kubwa likawapiga, na ndugu yangu akageuza usukani kuelekea ufukweni. Baharia alimpigia kelele, hakusikia. Mashua ikapasuka kwenye miamba. Mimi nilikuwa nimefundisha kalamu, hofu yake sikuifikia, na jambo hilo linaniuma hadi leo.

Mama akataka aonyeshwe mahali alipofia. Nikaitandaza ramani ile ile, aliyotuachia, nikaweka kidole.

"Hapo maji yanafika wapi?"

"Yakipungua, magotini, mama."

Akainua leso kidogo, akagusa goti lake.

"Hapa?"

"Hapo."

"Mtoto wangu alivuka Ewaso imefurika, amebeba ndama mabegani." Akagusa goti tena. "Hapa tu?"

"Hapo tu, mama."