Mfuko wa Manjano Getini

Hospitalini kwetu Kisumu, mimi ndiye muuguzi anayewahubiria watu kuhusu taka: mfuko wa manjano ni wa bandeji zenye damu, na hautoki nje ng'o! Jana nikamwona Mama Atieno, ambaye bintiye amelazwa kwetu, akipita getini na mfuko wa manjano kichwani, akielekea kuuza samaki mtaani Obunga.

Nikamkimbilia nikipiga kelele. Watu wakajaa. Nikavaa glavu, nikaufungua.

Omena, dagaa wa ziwani! Kavu, safi, bandeji hakuna. Nilishusha pumzi, nusura nimkumbatie.

"Lakini Mama, mfuko huu umeutoa wapi?" nikauliza kwa ukali, watu wasikie.

"Ai, Sista! Si ni wewe ulinipa juzi, mpya kabisa, omena yangu isinyeshewe?"