Mayai ya Mahameni

Kwetu enzi hizo mwanamke hali yai. Ndivyo alivyosema bibi yangu, mama mzaa baba, na sheria hiyo aliilinda kuliko askari. Yai ni la baba, la mgeni na la kaka zangu. Msichana akila yai, bibi alisema, atazaa watoto vipara. Mimi nilikuwa na miaka tisa, sina mpango wa kuzaa mwaka ule wala mwaka wa pili wake, kwa hiyo tishio lenyewe halikuniingia sana.

Mama yangu naye halikumwingia. Kwetu pa zamani, kilimani upande wa Nyamwaga, nyumba zilikuwa mbalimbali, na bibi alikaa ng'ambo ya shamba la migomba. Mama alichemsha mayai yake mchana kweupe, akala, nami akanipa langu ili nifunge mdomo. Maganda tuliyasaga tukawarudishia kuku wenyewe. Tuliishi vizuri sana.

Ikaja amri ya kuhamia kijijini. Watu walilalamikia mengi: makaburi ya wazee, migomba yenye mikungu, ng'ombe kubanana. Yote kweli, sikatai. Lakini mama alilia kwa sababu moja tu, na aliniambia mimi peke yangu. Nyumba za kijiji zilipangwa kwa kamba, mstari mmoja, na bibi akapewa kiwanja kinachofuata chetu. Akiweka kigoda chake mlangoni, anatazama moja kwa moja ndani ya jiko la mama. Utachemsha nini hapo? Hata maji ya kuoga aliuliza ni ya nini.

Kuku tuliwahamisha vibaya. Kuku huhamishwa akishalala, halafu unamfunga mguu siku kadhaa mpaka apazoee. Sisi tuliwabeba jua la saa sita, vichwa chini, macho wazi, njia nzima wanaiona. Bibi alimzungusha kila mmoja mara tatu kwenye nguzo ya mlango, eti asahau alikotoka. Kesho yake asubuhi kuku saba na jogoo wao hawapo.

Mama akaniambia twende kutafuta kuni. Tukavuka kijito, tukapanda mpaka mahameni kwetu, pale tulipohama. Nyumba kubwa baba alikuwa ameshaiezua, lakini jiko lilikuwa bado na paa lake. Ndani, kwenye viota vyao vya siku zote, wamekaa wanawake wenzetu wanataga, kama vile serikali haijasema kitu. Mama alishika mdomo. Halafu akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni akamwambia baba, "Mzee, nguchiro amemaliza kuku wote."

"Wote? Na jogoo?"

"Na jogoo. Nimekuta manyoya tu."

Baba alisikitika kweli, maskini, maana alipenda mayai yule mtu. Nami nikatikisa kichwa kwa huzuni, mtoto mwongo mimi.

Tangu siku hiyo nyumba yetu haikupungukiwa kuni. Kila baada ya siku moja tulikwenda mahameni, chumvi imefungwa kwenye pindo la kanga ya mama, tukachemsha mayai, tukala tumenyoosha miguu. Mama alikuwa anaimba kule. Kijijini sikumsikia akiimba hata siku moja.

Lakini njia ya mwongo ni fupi. Baba alikuwa balozi wa nyumba kumi, na cheo hicho alikipenda kuliko koti lake la kanisani. Alikuwa amemwapia katibu kata kwamba watu wake wote wamehama, hajabaki hata mmoja. Sasa watu wakaanza kuulizana: mbona kule mahameni jogoo anawika? Mbona moshi unaonekana? Jioni moja, akiwa anakula nje na kaka zangu, baba alipaza sauti ili na sisi wa jikoni tusikie.

"Kuna mkaidi amerudi kuishi kule kwetu! Katibu ameniambia nisipomtoa, ubalozi basi. Nitamvuta sikio, mura, mpaka ofisini!"

"Mvute, mzee," mama akajibu huku anakwangua sufuria. "Watu wengine hawasikii."

Mimi ugali ulinipanda puani.

Asubuhi iliyofuata mama akaniambia leo ndiyo mwisho: tunakwenda kuwakamata kuku, tunawarudisha, la kusema tutalitafuta njiani. Tulikuta mayai kumi na moja. Mwenye akili angeyabeba akakimbia. Mama yangu alisema, "Tule kwanza, kukamata kuku kunataka nguvu." Ndiyo kwanza ameweka la tatu mdomoni, zima, la moto, kwa ile haraka yake, tukasikia sauti nje.

"Ndugu mkaidi! Umezingirwa! Toka kwa amani!"

Alikuwa katibu kata mwenyewe, mtu wa pwani, Kiswahili kimenyooka na suruali imenyooka. Nilichungulia kwenye ufa wa ukuta. Nyuma yake mgambo wawili na marungu, na mbele ya wote, fimbo mkononi, baba yangu mzazi. Jamani, niliogopa! Fimbo sikuiogopa. Wale mgambo walikuwa vijana wa hapo hapo kwetu. Wakiona yai kinywani mwa mama, habari itamfikia bibi kabla hatujavuka kijito, na mama atasemwa na ukoo mzima mpaka azeeke.

Jogoo akatoka wa kwanza. Hakusalimia mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ile suruali iliyonyooka, akaidonoa, katibu akaruka nyuma ya mgambo.

"Mkamateni!"

"Nani, ndugu? Jogoo?"

Ndipo mama akatoka. Shavu moja limejaa, machozi yanamtoka kwa moto wa yai. Mimi nikabaki ndani, nimesimama mbele ya sufuria na kusambaza gauni langu kadiri lilivyoweza kusambaa.

Baba alimtazama mama. Akamtazama jogoo, yule aliyeliwa na nguchiro. Akamtazama mama tena.

"Ndugu mama, unaishi hapa?" katibu akauliza.

Mama akatikisa kichwa.

"Basi unafanya nini?"

"Mmm," alisema mama.

Baba akashusha fimbo.

"Ni mke wangu, ndugu katibu," akasema. "Hapa haishi mtu. Kuku wetu walitoroka wakarudi huku, nimemtuma aje kuwakamata. Hawezi kusema, ana jino. Limevimba tangu juzi."

"Pole sana, mama. Hebu fungua kinywa nione. Mimi nimesomea huduma ya kwanza."

Mungu wangu! Katibu alisogea, ameinama, mikono kaiweka nyuma kama daktari. Mgambo nao wakasogea, nani hapendi kuona jino la mtu? Mama akarudi nyuma hatua moja, akafumba macho, akameza. Yai zima. Nililiona likishuka shingoni, taratibu, likasimama kidogo katikati, likaendelea. Mama alishika nguzo. Kisha akafungua kinywa: kitupu, meno yote meupe.

"Ajabu," katibu alisema. "Mbona uvimbe umekwisha?"

"Ndiyo ugonjwa wenyewe, ndugu," baba akajibu. "Unakuja na kuondoka."

Katibu aliandika kitu kwenye daftari lake, sijui aliandika nini. Akaamuru jiko libomolewe siku ileile ili kuku wasiwe na pa kurudia. Wakati wanaume wanaezua paa, mimi nilitoroka na sufuria nikamwaga mayai kwenye nyasi, na mpaka leo yananiuma.

Tulirudi kila mtu na kuku kwapani. Baba aliwaacha wenzake watangulie, akatembea sambamba na mama. Mimi nilikuwa nyuma yao.

"Uliniambia nguchiro," alisema.

Mama alikuwa bado anapapasa koo. "Nguchiro huyo ulimtolea ng'ombe mwenyewe, mzee. Tena ishirini na wawili."

Baba alikohoa. Alikohoa muda mrefu sana, mabega yanatikisika, na kuku aliyembeba akaanza kulalamika.

Kuku tuliwafunga miguu kwenye nguzo ya ghala wiki nzima, mbele ya kigoda cha bibi. Wakazoea, wakaanza kutaga kijijini. Basi, mambo yetu yamekwisha, niliwaza. Mama alikuwa akichemsha mayai manne, bibi akiyahesabu kwa macho, nami nikiyapeleka nje kwa baba yenye harufu yake ile. Nililia, ndiyo, nililia kwa ajili ya yai, mnicheke.

Siku ya kwanza baba alikula mawili. Akafuta midomo. "Nimeshiba. Binti, ondoa chombo, mpe mama yako aoshe."

Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama alipopokea sahani jikoni, alisukuma mlango kwa kisigino, akanipa moja, akala moja.

Bibi ndiye aliyeshtuka. Mwanawe, dume zima, mayai manne yanamshinda! Kuna mtu amemtazama vibaya, tumbo limefunga. Akaenda porini, akachimba mizizi, akachemsha dawa ya kuleta hamu ya chakula, chungu kuliko nyongo, akawa anamletea kila asubuhi kibuyu kizima na kusimama pale pale mpaka aone kimekwisha. Baba alikunywa. Macho yanamtoka maji, miguu inakanyaga chini, lakini alikunywa mpaka tone la mwisho, na akasema asante mama. Alikunywa masika yote na kiangazi chote kilichofuata. Na kila jioni nilipomwekea sahani mbele, mayai manne, alikula mawili, akafuta midomo, akasema ameshiba.