Silinda Nane na Dumu la Mawese

Siku hizi magari ya misaada ya wakimbizi yanamaliza petroli yote vituoni, sisi wengine tunanunua ya madumu. Juzi ufukweni mwa ziwa, pale Katonga, nilimkuta bwana mmoja wa koti, leso ya hariri ikichungulia mfukoni, akijiandaa kujaza kwa dumu gari lake la zamani la Kimarekani, injini ya silinda nane.

Fundi mkimbizi anayetengeneza injini za boti akamwambia, "Shikamoo mzee. Dumu hilo lilibeba mawese. Chuja kwa kitambaa, kabureta isizibe."

Bwana akamtazama kuanzia kandambili hadi nywele. "Kuchuja ni kwa vimashine vyenu vya mitumbwi. Hili linameza chochote." Akamimina.

Mara boti kutoka kijiji cha Ilagala ikashusha mama mwenye uchungu wa uzazi. "Apande! Dakika tano, hospitali!" bwana akatangaza. Gari likanguruma, likawatimulia vumbi dagaa walioanikwa, likapanda nusu mlima, likakohoa, likazima. Mama akahamishiwa pikapu ya samaki, akawahi.

Majigambo yote yale hupitia vitundu vya kabureta, vyembamba kama vya sindano, na vitundu havijui cheo cha mtu. Fundi alipanda hadi pale, akavizibua kwa kupuliza kwa mdomo, kisha akaomba kitambaa cha kuchujia.

"Sina," bwana akanong'ona.

Fundi akainyooshea kidole ile leso.